Kitufe cha Kijani

Nyumbani,
Jumapili, baada ya kufua.

Kwako mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na wajukuu, na huyo bwana wako asiyepona kikohozi kwa sababu hataki kusikia la mtu. Goti lako je? Mara ya mwisho ulisema linalia kama mlango. Likande kwa maji ya moto, siyo kila siku kulalamika. Sisi huku hatujambo. Mimi ninakula, ninalala, na ninagombana na jirani wa juu anayemwaga maji bila kuangalia nani yuko chini, kwa hiyo ujue niko sawasawa. Na ile simu ya marehemu shemeji yako niliyokupa, bado inashika chaji? Usinijibu sasa. Soma kwanza.

Najua utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati kuna kupigiana. Ninayo sababu, utaiona huko mbele. Halafu kwenye simu wewe una tabia mbaya: nikianza kukusema, unasema mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Kaa chini, vaa miwani, na usimpe mtoto akusomee. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyetolewa shule akalee wadogo zake, na wewe ukiwa mmoja wao, kwa hiyo usinicheke.

Habari kubwa ni ya mjukuu wetu, huyu mkubwa ninayeishi naye. Unajua anafanya kazi palepale alipofanya babu yake, kiwanda cha magodoro. Babu alikuwa chini, mtunza ghala mkuu, yeye yuko ghorofani kwenye kompyuta. Watu wakiniuliza anafanya nini hasa, nilikuwa najibu kompyuta, kwa sauti ya kufunga mazungumzo, maana hata mimi sikujua. Kiwandani wamembandika jina, wanamwita Bi Kufuli. Nikafikiri ni kwa uchoyo, maana huyu mtoto hata sukari anaikopesha kwa masharti. Kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Siku moja alirudi amechoka, nikamwambia leo utanieleza, na usinieleze kama unamweleza mjinga. Akasema kiwanda zamani kilikuwa na kompyuta zake chumbani, zimejaa kila kitu: maagizo ya wateja, mishahara, magodoro yaliyomo ghalani, nani kapelekewa nini. Sasa vyote vimehamishiwa kwenye wingu. Nikamwuliza wingu gani. Akacheka, akasema siyo hili la mvua, ni jina tu. Ni kompyuta za watu wengine, ziko kwenye majumba makubwa yenye baridi, mbali, na kiwanda kinapanga humo kama mpangaji anavyopanga chumba. Mfanyakazi akiwa popote, hata sokoni, anafungua simu yake na anaingia.

Mdogo wangu, mimi na upangaji tunajuana. Nikamwuliza ikiwa nyumba ni ya mwingine, mlango anaulinda nani. Hapo alikaa vizuri, ukamwona macho yamewaka. Akasema Bibi, hilo ndilo watu wote wanalikosea. Mwenye nyumba analinda ukuta, paa na geti. Lakini nani apewe ufunguo, aingie chumba gani, na anyang'anywe lini, hilo ni la mpangaji. Na pale kiwandani mpangaji ni yeye. Dereva aone safari zake, asione mishahara. Muuzaji aone wateja, asiguse ghala. Na mtu akiacha kazi, siku hiyohiyo anamfungia, hata kabla hajamaliza soda ya kuagwa. Wengine wanamnunia. Eti mmoja alifungiwa akiwa bado anapiga picha na wenzake.

Nikasema maneno matupu sitaki, nataka kuona. Nikamsumbua mpaka akanipeleka. Nilivaa viatu vya kutokea, nikapanda ngazi zote kwa miguu yangu, na yule mlinzi wa mlangoni aliyetaka kunishika mkono nilimkazia macho akaurudisha. Nilitegemea kuona mitambo inanguruma. Ala! Meza, viti, na vijana wanaotazama vioo bila kupepesa. Nikauliza chumba cha kompyuta za zamani kiko wapi, nikafunguliwa. Kimejaa mafagio na viti vilivyovunjika miguu, na kiyoyozi bado kinapuliza. Mafagio yale yanakaa kwenye ubaridi zaidi kuliko wafanyakazi. Nikamwambia mkuu wake, bwana mmoja wa tai aliye na tumbo la heshima, kwamba mimi ningeanza kuokoa pesa hapo. Alicheka kidogo. Nasikia kiyoyozi kilizimwa wiki hiyohiyo.

Akanionyesha pia makufuli yanavyofanya kazi. La kwanza ni neno la siri. Nikasema neno la siri halifai, watu midomo haifungi. Akasema ndiyo maana kuna la pili, nalo ni simu ya mtu mwenyewe. Hata mwizi akilijua neno, bila simu ile ile, mlango haufunguki. Nikapenda. Nikasema hapo mmefikiri.

Sasa sikiliza kilichotokea, na usiruke mistari.

Pale kiwandani godoro halitoki ghalani mpaka mtunza ghala akubali kwenye simu yake. Ombi linaingia, simu inalia, inaonyesha kitufe cha kijani cha kukubali na chekundu cha kukataa. Mtunza ghala akichelewa kujibu, ombi linakwenda kwa mtu wa pili ili kazi isilale. Mtunza ghala wa sasa ni kijana makini, anajibu upesi, lakini mwezi uliopita mkewe alijifungua mapacha, na baba wa mapacha unamjua, simu anaishika akiwa amesinzia. Katika kusinzia huko likaja ombi la ajabu. Muuzaji mmoja mwenye haraka aliomba magodoro yaliyotengenezwa kwa ajili ya wodi za hospitali, yale yenye kitambaa kisichopitisha maji, yapelekwe kwenye hoteli ya mteja wake, na ya hospitali yatengenezwe baadaye. Mtunza ghala yeyote mwenye akili angebonyeza chekundu, tena kwa nguvu.

Kijani kikabonyezwa. Lori likapakiwa, likaondoka. Wagonjwa wakabaki kwenye magodoro ya zamani yaliyochanika, na wageni wa hoteli wakalala juu ya kitambaa kinachopiga kelele kama mfuko wa plastiki kila mtu akigeuka. Hospitali ikaja juu. Hoteli ikaja juu. Kila mtu akauliza nani amekubali upuuzi huu. Bi Kufuli akafungua mfumo, maana mfumo unaandika nyayo za kila anayeingia. Akaona jina. Unajua ni jina la nani?

La mume wangu.

Marehemu, mdogo wangu. Yule tuliyemlilia wote, wewe ukazimia mara mbili na kuharibu shughuli. Marehemu ameingia kazini, amekubali ombi, tena kwa haraka kuliko walio hai. Madereva wakapata la kusema. Mmoja aliapa kwamba Mzee hajawahi kukosa zamu na hataanza sasa. Mwingine akasema kama marehemu bado anafanya kazi, basi mshahara wake ulipwe kwa familia, na hilo, nakwambia kweli, halikunichukiza.

Lakini mjukuu wako hakucheka. Alirudi nyumbani amekauka. Alikaa mezani akaniambia, akiangalia sahani, kwamba yeye ndiye aliyeuacha mlango wa babu yake wazi, na jina la babu bado liko kwenye nafasi ya yule mtu wa pili. Wengine wote huwafungia siku hiyohiyo. Ilipofika zamu ya babu, aliletewa taarifa kama kawaida, akafungua ukurasa wenye jina lake, na vidole vikakataa. Kufunga kwenyewe ni kubonyeza tu, halafu jina linageuka rangi ya majivu na haliwezi tena kuingia. Akasema kesho. Kesho akasema wiki ijayo. Mkuu wake mwenye tai naye alijua, akaona haya kumkumbusha. Watu wa utumishi walijua, wakasema huyo ni babu yake, tumwache apumue. Kiwanda kizima kiliuona mlango ule uko wazi, na kila mtu akaupita kwa heshima, ameinamisha kichwa. Umewahi kuona? Wanamkimbilia anayeacha kazi kwa hiari yake na kumfungia akiwa na soda mkononi, na aliyekufa wanamwachia ufunguo.

Nilitaka kumsema, nikaahirisha. Nikamwuliza basi nani ameingia. Hapo ndipo akanieleza linalomnyima usingizi. Aliyeingia amepita makufuli yote mawili. Neno la siri la babu, sawa, pengine lilidokolewa. Lakini la pili ni simu ya babu, na simu ya babu, akasema, iko sandukuni, imezimwa, chini ya makoti yake. Bibi aliiweka mwenyewe. Bibi alituambia sote. Kwa hiyo kuna mtu amelivunja kufuli la pili bila kuwa na simu. Na kama linavunjika la babu, linavunjika la kila mtu, na kiwanda chote kiko wazi uwanjani. Hospitali ilikuwa inamtuma mkaguzi, mwanamke anayekwenda kwenye kampuni za watu kuchungulia makufuli yao. Mjukuu wako alikuwa ameamua kumwambia mkaguzi huyo kwamba mfumo wote si salama, kisha aandike barua ya kuacha kazi kabla hajafukuzwa. Ile kazi, mdogo wangu. Ile aliyoisomea akiwa anakaa kwenye ngazi kwa sababu ndani hakukuwa na nafasi ya kufungua daftari.

Nikamwuliza, hivihivi tu kwa udadisi wangu, kama hizo nyayo zinaonyesha mwizi alikuwa wapi. Akasema zinaonyesha mji. Akautaja.

Ni mji unaokaa wewe.

Halafu akasema, huku anasukuma sahani, kwamba hilo halina maana, wezi wa siku hizi wanaweza kujifanya wako popote. Mimi nikaondoa vyombo. Nikaviosha. Vilipotakata nikaviosha tena.

Kesho yake alipotoka nikakupigia. Unakumbuka? Nilikuuliza simu inaendeleaje, nawe ukafurahi kama mtoto. Ukasema ina adabu kuliko wanao, kila ukiifungua asubuhi na kugusa kile kipicha cha godoro haikuulizi hata neno la siri, inaandika habari za asubuhi, Mzee wa Ghala, na wewe unaitikia kwa niaba yake. Nikakuuliza bado inauliza maswali. Ukasema mara mojamoja inalia, inaleta maandishi madogo usiyoweza kuyasoma bila miwani, na wewe unafanya kama nilivyokuelekeza. Nikakuuliza nilikuelekeza nini, ingawa nilikumbuka. Ukasema ulishaniuliza zamani, nikakujibu bonyeza ya kijani inyamaze, nyekundu huharibu vitu.

Basi ndiyo hiyo habari. Wewe ndiye uliyewapelekea watu wa hoteli magodoro ya wagonjwa. Funga mdomo, najua umefunguka, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga. Na usianze kulia wala kuzimia, hakuna wa kukuokota. Kidole kilikuwa chako, lakini maneno yalikuwa yangu, na simu uliipata kwa mkono wangu. Wanangu wote watatu waliitaka simu ile. Walianza kutazamana vibaya kabla hata viti vya msiba havijarudishwa. Nikawaambia nimeifungia sandukuni na asiniguse mtu, nikakupa wewe kimyakimya, kwa sababu yako ilikuwa imekufa na kwa sababu wewe hukuiomba. Mpaka leo naona nilifanya vizuri. Ila sikujua kwamba kuna mtoto anapanga ulinzi wa kiwanda kizima juu ya neno langu. Alikagua kila kufuli, mdogo wangu, kila moja. Hili la neno la Bibi ndilo pekee ambalo hakujaribu kulitikisa.

Sikungoja arudi. Nilivaa vile viatu vya kutokea. Mlinzi safari hii alinifungulia kabla sijasema. Nikawakuta chumba kimoja: mkuu wa tai, mjukuu wako, na mkaguzi mwenyewe, mwanamke mdogo wa umbo, viatu visivyo na sauti, anakunywa maji tu. Mjukuu alikuwa ameshaanza kusema kwamba kufuli la pili limevunjwa. Nikasema halijavunjwa kitu. Nikasema simu haiko sandukuni, haijawahi kulala sandukuni hata siku moja, iko kwa mdogo wangu, na ni mimi niliyedanganya, na aliyebonyeza hakujua anabonyeza nini. Mjukuu wako alinitazama mtazamo ambao sitaki kuuona tena. Akasema Bibi, niliapa mbele yao kwamba iko sandukuni. Hilo tu. Kisha akafunika uso, nikadhani analia, kumbe anacheka na kulia kwa pamoja, maana kufuli lake lilikuwa zima.

Mkuu akaanza kuomba radhi kwa mkaguzi kwa vurugu za familia. Mkaguzi akamnyamazisha kwa mkono. Akaniuliza mimi maswali, na mimi nikamjibu, tukaelewana kuliko nilivyotegemea. Akataka kujua kwa nini mtu mzima anabonyeza kitu asichokisoma. Nikamwambia kwa sababu kinapiga kelele. Alicheka mpaka akaweka glasi chini, akasema hata wasomi anaowakagua hubonyeza kwa sababu hiyohiyo, ila hawakubali kusema. Halafu akageuka, akawa mkali. Akamwambia mjukuu wako kwamba huruma haina nafasi kwenye mlango ulio wazi, na akamwambia mkuu vilevile, kwa sauti ileile, nikampenda zaidi. Mwisho akasema kuanzia sasa mfanyakazi akifariki, asiachiwe mtu mmoja kumfungia. Wakae wawili, wafunge pamoja. Mjukuu wako amepewa onyo la maandishi. Kazi yake anayo. Hospitali imepata magodoro yake, na hoteli imekataa kurudisha yale mengine, eti wageni wanaomwaga chai kitandani ni wengi.

Ikabaki kufunga. Mjukuu wako akafungua ule ukurasa, jina likatokea, na picha yake ile aliyopigwa amenuna kwa sababu mpiga picha alimwambia atabasamu. Akataka kumwita mwenzake wakae wawili. Nikasema huyu ni mume wangu, wa pili nitakuwa mimi. Mkuu akasema taratibu haziruhusu. Mkaguzi akatazama dirishani, akasema yeye hajaona kitu. Mtoto akaushika mkono wangu, akaniwekea kidole panapotakiwa. Nilimwuliza kama kufungiwa kunauma. Akasema nini, Bibi. Nikasema basi. Nikabonyeza. Jina likageuka rangi ya majivu, likatulia hapo. Halikufutika, ujue. Bado linasomeka, ila haliingii tena.

Kwa hiyo ukigusa kile kipicha cha godoro, usishtuke ukikataliwa, wala usidhani umeiharibu simu. Simu ni yako, baki nayo, na wanangu wakikuuliza waambie waje kwangu. Ikikuuliza swali lolote, hata la kijani, vaa miwani, usome mpaka mwisho, na usipoelewa usibonyeze chochote. Mimi nawe, mjukuu wetu ametusamehe, ingawa sasa nikimwambia kitu kiko kabatini anakwenda kuchungulia kabati. Acha achungulie. Ndiyo kazi yake.

Msalimie bwana wako, mwambie dawa ya kikohozi hunywewa, haitazamwi. Wasalimie watoto wote, na yule mdogo asiyependa kuoga mwambie nakuja. Mjukuu wetu anakusalimu, anasema hana kinyongo na Bibi mdogo, ila angependa kukufundisha mambo mawili matatu.

Na moja la mwisho, lisimfikie yeye. Anaapa kwamba mlango umefungwa kabisa na simu haitamsalimia tena mtu yeyote kwa jina lile. Mimi namwamini, lakini nawe unanijua, lazima niulize. Kesho asubuhi, kabla hujanywa chai, iguse mara moja tu. Ikiwa bado inaandika habari za asubuhi, Mzee wa Ghala, usibonyeze kitu. Nipigie mimi kwanza. Bi Kufuli tutamwambia mchana.

Ni mimi dada yako mkubwa,
niliyekubeba mgongoni.